Ndama Hayuko Ukutani

Makadara, Nairobi
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwako kaka yangu Ndirangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kila aliye chini ya paa hili. U hali gani huko Laisamis? Joto limekuachia ngozi ya kurudi nayo, na rangi zinakauka ukutani au bado zinakaukia mkebeni kama ulivyolalamika? Na watoto wa hiyo shule unayoipaka, bado wanakuuliza kwa nini twiga wako ana tabasamu? Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia tangu baridi ya Julai ilipoisha, amerudi kwaya, na kila Alhamisi anakuja nyumbani akisema sauti ya kwanza wanaimba kama watu wanaofukuzwa. Mimi bado nafundisha historia kwenye ile shule ya pale nyuma ya mahakama, na asubuhi mbili kwa wiki nashika ofisi ya kanisa.

Najua utashangaa kuona karatasi. Nilianza mara tatu kukuandikia kwa simu nikafuta. Kwenu mtandao huja kwa msimu kama mvua, na hata ukija, jambo kama hili mtu hulijibu kwa kidole gumba. Nataka ulisome ukiwa umekaa. Ndiyo maana nimempa Dirie, dereva wa lori anayekuletea rangi, na nimemwomba asiikunje bahasha kwa sababu mna kitu ndani kisichofaa kukunjwa. Tafadhali usikitoe mpaka umalize kusoma. Nakujua, kwa hivyo nimekifunga kwa gazeti na gundi nyingi.

Habari ni za Cucu, huyu nyanya yetu. Ulipoondoka Februari alikuwa bado anatutambua kwa mwendo. Kufikia Juni mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili, akawa anamimina turungi yake isiyo na maziwa nje ya kikombe na kusema ni kikombe kilichosogea. Daktari alisema ni upasuaji mdogo. Tuliandikiwa siku mara tatu na mara tatu Cucu hakwenda. Mara ya kwanza alisema kuna mazishi. Mara ya pili alisema hajisikii. Mara ya tatu aligeukia ukuta akajifunika leso mpaka kichwani. Mama alidhani ni woga wa uzee. Mimi, na ninaona haya kuandika hivi, nilimwambia kwamba anachagua upofu ili sisi tumbebe. Alinijibu kwamba hatakubali kulazwa mezani na kutiwa usingizi akiwa na mzigo ambao hajautua, kwa sababu huenda asiamke, na mzigo wenyewe si wake peke yake. Nilimwuliza mzigo gani. Aliniambia nimletee turungi nyingine.

Jumapili moja mwezi wa saba, mchungaji alisoma matangazo kama kawaida, mikutano ya akina mama, vijana wasafishe vyoo, halafu akasema kuna mgeni kutoka Uskoti aliyeandikia makanisa yote ya Jogoo Road. Anatafuta mahali lilipokuwa shamba la ng'ombe la babu wa babake, ambaye Waafrika walimwita Murungaru kwa sababu ya urefu wake, na kama kuna mtu yeyote anayejua ukoo wa mchunga ng'ombe wake aliyeitwa Ndirangu. Watu walianza kunong'ona. Cucu alinishika mkono. Hakuniumiza, ila hakuuachia mpaka baraka ya mwisho. Tulipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, alisema: "Mlete."

Nilikupigia siku hiyo hiyo, na nakumbuka kila neno ulilosema. Ulisema mtu wa ukoo wa Murungaru asikanyage mlango wetu. Ulisema babu yetu Guka Ndirangu hakufungua lile lango ili vitukuu wake wamwandalie mzungu chai. Nilikujibu kwamba nimesikia. Kweli nilikuwa nimesikia, ila sikutii.

Wacha niiandike hapa ile hadithi tuliyolelewa nayo, ili uione mara ya mwisho ikiwa imesimama. Kwamba mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, Ndirangu, babake Cucu, alilivunja lango la zizi la Murungaru usiku, akawafukuza ng'ombe wa kizungu hadi kwenye reli, na treni ya mizigo ikawaua saba. Kwamba alikamatwa akapelekwa kizuizini na hakurudi, na hata kaburi lake halijulikani. Kwamba Murungaru alichoka akauza shamba akaenda zake. Kwa sababu ya hadithi hii Cucu alimsihi marehemu mumewe, Guka Ndung'u, aliache jina lake, ingawa mila ilikuwa upande wa mumewe, ili wewe, mjukuu wa kwanza wa kiume, uitwe Ndirangu. Mimi niliiandikia kurasa sitini chuoni nikasifiwa. Wewe uliipaka kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa, na tangu siku hiyo hata vijana wa kuosha magari huwaambia wageni wakapige picha pale.

Basi Gordon, ndilo jina la mgeni huyo, alikuja. Kama ulikuwa ukimwazia mtu wa kofia pana na gari kubwa, futa. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mfupi, dereva wa basi la mji huko kwao. Alikuwa amenunua viatu vya akala, vile vya tairi, sokoni Kariokor siku ya kwanza, vikamchubua, na alikaa kwenye kochi letu na plasta saba miguuni akinywa chai ya Mama vikombe vitatu. Mama alimpenda aliposikia kwamba babake Gordon alikuwa wa reli kama babake yeye. Cucu aliketi kwenye kiti chake na turungi yake, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza kama mvua imeanza.

Gordon alitoa albamu ndogo. Ndani mlikuwa na picha za nyumba ya mabati yenye baraza, na mwanamke aliyevaa buti, na ng'ombe ambao majina yao yameandikwa chini kama majina ya watoto. Halafu akafungua ukurasa wenye wafanyakazi waliopangwa mstari mbele ya zizi, akaweka kidole juu ya mtu mmoja, akasema huyu ndiye. Ndirangu, sisi hatujawahi kuwa na picha ya Guka. Wewe uso wake uliubuni kwa kuchanganya wako na wa Baba.

Nilimwekea Cucu albamu mapajani. Aliipapasa kwa kidole, akaipeleka karibu na pua, akaipeleka mbali, akageuza kichwa kuelekea dirishani. Hakuona kitu. Aliniomba nimweleze, nami nikamweleza nilichokiona: mtu mfupi kuliko wenzake, koti la jeshi lililomfika miguuni, fimbo, na masikio yaliyosimama kama vipini vya sufuria. Cucu alicheka. Alicheka kwa sauti ndogo sana, halafu akafunga albamu akaikumbatia, akasema kwamba kesho tumpeleke shambani.

Je, unajua kwamba ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu? Miaka sitini Cucu ameishi katika nyumba hii na hajawahi kupita upande ule. Mama alikumbuka kwamba hata kwenda kumwona shangazi kule Embakasi, Cucu huzunguka barabara nyingine na kusema ile fupi ina vumbi. Tulichukua teksi, Cucu mbele, mimi na Gordon nyuma na ramani aliyoichora zamani mama wa ile nyumba yenye baraza kwa kalamu, yenye miti, mabomba ya maji, zizi, na reli ikipita kusini kama mshono. Sasa pamejaa ploti, maghorofa ya kupangisha ya orofa saba yaliyobanana mpaka nguo za kuanikwa zinagusana. Nyumba yenye baraza haipo. Miti haipo. Reli ipo.

Gordon alifungua ramani juu ya boneti ya teksi, akaanza kuigeuza ili aipatanishe na reli, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Unajua mtaa wowote wa huku Eastlands: mgeni akionekana na ramani, watu hawaulizi amepotea wapi. Mwanamke mmoja anayeuza mayai na mahindi ya kuchemsha, Jecinta, alisema kwa sauti, bila kumwelekea mtu, kwamba ramani ikitangulia, tingatinga la kubomoa nyumba liko kwenye kona. Dakika mbili hazikuisha tukawa tumezungukwa. Mlinzi wa ploti, Oketch, alitaka kujua nani ametutuma. Kijana mmoja alimwambia Gordon, "Niaje mzee, umekuja kuchukua shamba ama?" na wengine wakacheka kicheko kisicho na furaha. Jecinta aliniuliza mimi ni broka wa ardhi wa nani, binti mzuri hivi na miwani, sina haya. Nilijaribu kueleza. Nilieleza kama mwalimu, na unajua ninavyoeleza ninapoogopa. Nilitaja mwaka wa 1953. Mtu akauliza hizo ni namba za ploti?

Cucu ndiye aliyetuokoa. Alifungua mlango wa gari, akashuka akishikilia bega la Gordon, na akamwuliza Jecinta jina lake, na la mamake. Kisha akamwambia: "Mwanangu, mimi nilichunga ndama hapa kabla mamako hajazaliwa, na sitaki hata jiwe. Huyu pia hataki, anaogopa kuliko wewe. Nataka kiti tu, miguu yangu imechoka." Jecinta alikwenda kuleta kile kigoda anachokalia yeye mwenyewe. Oketch alipoona hivyo akasema kama ni mambo ya ng'ombe, kuna kitu nyuma ya ploti ambacho hajawahi kukielewa.

Alitupitisha penye mitungi ya maji na pikipiki mbovu. Nyuma kabisa, karibu na ukuta wa upande wa reli, palikuwa na hori refu la saruji, limejaa udongo, na ndani Oketch amepanda sukuma wiki na dania. Alisema alilikuta hapo, wajenzi walishindwa kulivunja. Cucu alipapasa ukingo wake kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, mpaka akafika kwenye pembe moja iliyomeguka. Aliingiza ngumi yake kwenye lile pengo. Alisema fahali ndiye aliyelimegua, na kwamba alipokuwa mdogo ngumi yake ilikuwa ikiingia yote. Tukamwekea kigoda hapo, na akaanza kusema, kwa Kiswahili, nami nikimtafsiria Gordon.

Alisema kazi yake ilikuwa ndama. Alikuwa na miaka tisa. Jioni ndama hutengwa na mama zao ili maziwa yabaki ya asubuhi ya Murungaru, na usiku kucha ndama hulia upande mmoja wa ua na mama hujibu upande mwingine. Watu wazima walikuwa wameshazoea. Yeye hakuwahi kuzoea. Kulikuwa na ng'ombe mweupe aliyeitwa Wanjeru, na ndama wake wa siku kumi na mbili alikuwa amelia mpaka sauti ikamwisha, akawa anafungua mdomo tu. Basi jioni hiyo, jua likizama, babake akiwa upande wa pili wa shamba akiziba bomba, yeye alifungua ule waya wa lango akamwingiza ndama kwa mamake anyonye kidogo. Alisema alikaa chini kwenye tope akimtazama ananyonya mkia ukitikisika, na hajawahi kuona kitu kizuri hivyo tena, hata siku ya harusi yake. Kisha akasikia akiitwa akachote maji. Alirudisha waya kwa haraka. Hakuuzungusha mara mbili.

Alfajiri waliamshwa na honi ya treni.

Hapo, Ndirangu, ndipo nilipofanya lile ninalotaka ulijue kabla hujamkasirikia mtu mwingine. Gordon alikuwa akinitazama, akingoja. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba Cucu anasema alimwona babake akilifungua lango jioni ile. Sikupanga. Niliona ukuta wako, niliona kurasa zangu sitini, nikaona uso wa huyu mtu ambaye watu wake walichukua shamba hili bila kuuliza, nikaona haitakuwa haki tumpe yeye ukweli na sisi tubaki na nini? Maneno yalitoka laini kabisa. Gordon alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu ndivyo alivyokuwa ameambiwa tangu utotoni.

Nilikuwa nimesahau kwamba Cucu alifua nguo za wazungu wa kambi ya ndege kule Eastleigh miaka minne kabla ya Baba kuzaliwa, na Kiingereza anakisikia. Aliinua mkono akanikatiza. Unajua huniita wajina, kwa sababu nimebeba jina lake. Alisema: "Wajina, mimi sikusema hivyo. Wewe ni mimi. Ukidanganya, nimedanganya mimi, na mimi nimechoka."

Nilirudia. Nilisema yote kama alivyosema, kutoka ule waya. Jecinta, aliyekuwa amesimama nyuma na yai mkononi bila kulimenya, alinipa leso yake.

Cucu aliendelea. Asubuhi ile kabla askari hawajafika, babake alimwita nyuma ya nyumba yao, akapiga magoti, akampangusa miguu yote miwili kwa lile koti lake refu, kwa makini, hata katikati ya vidole. Hakumwambia neno. Yeye alifikiri ni mapenzi tu. Kisha askari wakaja wakamchukua kwa sababu yeye ndiye mchungaji, na mtoto alisimama pale miguu safi akamtazama akiondoka. Hakusema siku ile kwa hofu. Hakusema mwaka uliofuata kwa sababu mamake alikuwa mgonjwa wa huzuni. Walipopata habari kwamba amefariki kizuizini, watu kijijini walikuwa wameshaanza kusema Ndirangu ni shujaa, aliwafungulia wazungu ng'ombe, na mamake akaanza kutembea kichwa kikiwa juu tena. Angesemaje? Alimwacha mamake na ile hadithi mpaka kaburini, halafu akatuzaa sisi ndani yake. Ila maziwa hajayaonja tangu siku hiyo. Sisi tulidhani ni tumbo.

Alisema kilichomla miaka yote si kifo chenyewe. Ni kwamba babake alikwenda bila kujua ni nani aliyemponza.

Gordon alikuwa amekaa chini, kwenye saruji, viatu amevivua. Alitoa simu yake akatafuta kitu. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari la shamba, mwandiko wa Murungaru. Aliusoma, nami nikautafsiri kwa sauti, safari hii neno kwa neno. Ukurasa mzima ulikuwa wa wale ng'ombe saba, kila mmoja na jina lake na umri wake na maziwa yake. Chini kabisa palikuwa na mistari mitatu: "Ndirangu amekuja mwenyewe kusema ndiye aliyefungua. Nisingeamini kama asingesema yeye, kwa miaka kumi na mmoja hajaacha lango wazi hata mara moja. Nilimwuliza sababu, akaniambia niandike tu."

Cucu aliniambia nisome tena. Nikasoma. Akataka mara ya tatu, ule mstari wa mwisho peke yake. Kisha akaitazama miguu yake, ingawa hakuwa anaiona, akasema polepole kwamba lilikuwa tope la zizi. Kwamba alikuwa anapangusa tope la zizi.

Hakulia. Alikaa tu, na ngumi yake ndani ya lile pengo la hori, mpaka treni ya abiria ikapita nyuma ya ukuta na kuisha. Gordon akasema kwamba kwao jina la Ndirangu lilitumika kuwatishia watoto walale. Akasema mkono ulioandika mistari ile ndio uliotia sahihi karatasi za kumpeleka kizuizini, huku ukijua kuna kitu hakiko sawa, na kwamba anaomba radhi, ingawa hajui kama yeye ndiye wa kuomba. Cucu alimjibu kwamba yeye si wa kuomba lakini kwa kuwa ndiye aliyekuja, amepokea. Halafu akamwambia asisahau akirudi kwao kuwaeleza kwamba ng'ombe saba waliandikiwa ukurasa na baba yake akaandikiwa mistari mitatu. Gordon alisema atawaeleza. Naamini atawaeleza. Oketch alimkatia Cucu sukuma wiki za hori lile, fungu kubwa, na tukazila jioni.

Sasa utaniuliza kama sina hasira. Ninayo. Nilikaa wiki nzima bila kuzungumza vizuri na mtu. Nilihisi tumenyang'anywa. Niliiona ile kazi yangu ya chuo kama nguo niliyovaa kinyume mbele za watu. Halafu nikaanza kufikiri jinsi ilivyo rahisi kuvunja lango ukiwa na hasira, na jinsi inavyohitaji mtu wa namna gani kusimama mbele ya Murungaru na askari, ukijua unakokwenda, ukasema niandike tu. Guka hakufungua lango, Ndirangu. Alifunga mdomo. Na alimfungia mtoto wa miaka tisa, ambaye bila yeye hakuna Baba, hakuna wewe, hakuna mimi ninayeandika. Nimemwandikia mwalimu wangu wa chuo kwamba nataka kuirudia kazi ile upya. Amejibu kwamba itakuwa bora kuliko ya kwanza. Natumaini si adabu tu.

Cucu mwenyewe ndiye aliyeuliza siku ya upasuaji. Jicho la kulia lilifanywa tarehe kumi na tisa Agosti, na bandeji ikatolewa kesho yake. Tulipofika nyumbani hakututazama sisi. Aliomba albamu, ambayo Gordon ametuachia. Aliitazama ile picha mpaka chakula kikapoa. Alisema alikuwa amesahau mabaya yake yote, akawa amebaki na uso wa mtu wa kanisani, kumbe baba alikuwa na masikio. Siku iliyofuata alimwambia Mama amtilie maziwa kwenye chai. Alikunywa nusu kikombe, akasema ni tamu mno, akarudi kwa turungi yake.

Na sasa nafikia jambo la kukukiri, na hili ni langu.

Jumamosi iliyopita Cucu alitaka kuona ukuta wako. Ulipoupaka tayari alikuwa haoni vizuri, aliusifu kwa kusikia. Alisimama mbele yake muda mrefu. Aliwasifu ng'ombe, akasema wana hofu ya kweli machoni. Alisema treni inataka kumtokea. Kisha akaniuliza huyu jitu aliyeinua lango kichwani ni nani. Nilipomwambia ni babake, alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka alinigeukia. Aliuliza: "Na mimi niko wapi? Na ndama?"

Nilirudi asubuhi ya leo kabla ya ibada nikiwa na makaa ya jikoni. Pale chini kushoto, kati ya miguu ya Guka na reli, ulipoacha nyasi tupu, nimechora ndama, na msichana amekaa kwenye tope. Nimekuharibia kazi, Ndirangu, na sikukuomba ruhusa. Ni mbaya sana. Vijana wa kuosha magari wameniuliza kama ni mbwa au ni mbuzi aliyetoroka machinjioni Kiamaiko, na msichana hana shingo. Ukitaka kufuta, kitambaa chenye maji kinatosha, nilichagua makaa kwa sababu hiyo. Lakini Cucu amepita pale baada ya kanisa, na alipofika mbele yake alivua viatu.

Anasema ulipozaliwa alikupa jina zuri na hadithi isiyo ya kweli pamoja, na angependa kukuomba radhi ana kwa ana. Jicho la pili litafanywa mwezi wa kumi na moja. Anataka likifunguliwa likuone wewe kwanza. Njoo na brashi ndogo. Lile jitu likae au lishuke, hiyo ni kazi yako na hakuna atakayekuingilia tena, hata mimi. Ila usimwache msichana wangu bila shingo.

Mama anakutumia njugu na sweta, ingawa nimemwambia huko ni joto. Jacky wa duka anakusalimu zaidi ya inavyohitajika. Cucu anasema ule, na usilale ukiwa na kiu. Mimi nakukumbuka kila nikipita pale ukumbini, yaani kila siku.

Sasa unaweza kuchana gazeti. Ni nakala ya ile picha, Guka ni wa tatu kutoka kushoto. Miaka yote hii umeyaficha masikio yako chini ya kofia, hata ndani ya nyumba, ukisema hujui uliyatoa kwa nani. Kabla hujamtazama, ivue, utafute kioo.

Ni mimi dadako akupendaye,
Waruguru wa Githinji